Nyumba Njema si Mlango: Rai Kuhusu Usomaji wa Rekodi za Ukaguzi wa Nyumba za Wazee

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii hufunzwa tangu shule ya msingi, na aghalabu mwanafunzi huieleza kwa wepesi kuwa uzuri wa nje hauthibitishi wema wa ndani. Ni nadra, hata hivyo, kwa methali kutimia neno kwa neno kama hii inavyotimia pale jamaa wanapomchagulia mzazi wao nyumba ya kutunziwa ughaibuni. Mlango wa nyumba hizo huwa mzuri. Sakafu hung'aa, maua huwa mabichi, mpokezi huwa na tabasamu, na ukutani huenda pakatundikwa nyota za sifa. Yaliyo ndani yameandikwa mahali pengine, katika rekodi ya ukaguzi ambayo ni wachache wanaoisoma na ni wachache zaidi wanaoielewa.

Suala hili laweza kudhaniwa kuwa la mbali na wanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya. La hasha. Kwa miongo kadhaa Wakenya wamehamia Marekani, wakakita katika majimbo kama Massachusetts, Minnesota, Texas na Georgia, na kazi iliyowapokea wengi wao ni ya kuwauguza na kuwahudumia wazee. Waliokwenda wakiwa vijana sasa wana mvi. Wapo waliowaita wazazi wao waishi nao huko. Hali kadhalika, maelfu ya wakimbizi kutoka Kongo wanaozungumza Kiswahili wamepewa makao nchini humo. Ndugu wanaposhauriana kwa simu, mmoja akiwa Dallas na mwingine Nyeri, kuhusu mahali pa kumlaza mama aliyepooza, mazungumzo huenda vyema kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama hadi yafikie rekodi ya ukaguzi. Hapo lugha hukatika. Aliye Dallas husoma nambari na herufi asizoweza kuzieleza; aliye Nyeri husikia tu kwamba nyumba ile "ina nyota nne", akaridhika.

Makala hii inashikilia kwamba rekodi ya ukaguzi ni matini, na matini haieleweki kwa kuhesabiwa. Inahitaji kusomwa na mtu anayejua kuuliza nani anasimulia, nani amenyamazishwa, na tukio limerudiwa mara ngapi. Huo ndio ujuzi ambao idara za Kiswahili hudai kuufundisha.

Jina na Asili

Ni muhimu kwanza jina lieleweke. Nchini Kenya, mtu akitaja "nasingi homu" msikilizaji hufikiria hospitali ndogo ya kibinafsi, hasa ile ambamo akina mama hujifungua. Nchini Marekani neno hilo lina maana nyingine kabisa. Ni makao ya watu wanaohitaji uuguzi usiku na mchana, wengi wao wakiwa wazee. Baadhi hukaa majuma machache baada ya kupasuliwa kiuno au kupatwa na kiharusi, kisha wakarudi kwao. Wengine huishi humo hadi mwisho wa uhai wao. Makao ya namna hiyo ni takriban 15,000, na wanaoishi humo ni zaidi ya watu milioni 1. Katika makala hii yataitwa nyumba za uuguzi.

Ukaguzi wa nyumba hizi una historia. Mnamo mwaka 1986 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti iliyoonyesha kuwa hali ya wazee katika nyumba nyingi ilikuwa ya kusikitisha na kuwa usimamizi wa serikali ulikuwa dhaifu. Mwaka uliofuata, Desemba 1987, sheria ikatiwa sahihi. Sheria hiyo iliwapa wakazi haki zinazotajika, ikaweka masharti ya mafunzo ya angalau saa 75 kwa wasaidizi wa wauguzi, na ikaagiza kuwa kila nyumba inayopokea fedha za bima ya serikali ikaguliwe bila taarifa. Kwa mujibu wa sheria, muda baina ya ukaguzi mmoja wa kawaida na mwingine haupaswi kuzidi miezi 15, na wastani wa kila jimbo uwe miezi 12. Aidha, mtu yeyote akiwasilisha malalamiko, wakaguzi wanaweza kurudi kabla ya muda huo. Wakaguzi ni waajiriwa wa jimbo lakini hutumia kanuni za serikali kuu.

Wanapomaliza, huandika matokeo yao katika fomu inayojulikana kwa nambari 2567. Sheria inataka nyumba iweke matokeo ya ukaguzi wa karibuni mahali ambapo mkazi au mgeni anaweza kuyasoma bila kumwomba mtu ruhusa, na iwe tayari kutoa ripoti za miaka 3 iliyotangulia kwa anayezitaka. Hivyo basi anayekwenda kuitazama nyumba ana haki ya kuuliza faili hilo liko wapi. Jinsi swali hilo linavyopokelewa nako kunaweza kumfunza jambo.

Safu Mbili na Herufi Kumi na Mbili

Fomu yenyewe imegawanywa katika safu mbili. Safu ya kushoto ni ya mkaguzi, naye hueleza kasoro aliyoiona. Safu ya kulia ni ya nyumba, nayo huandika mpango wa marekebisho. Nyumba hupewa siku 10 tangu kupokea fomu ili ijibu. Msomaji wa fasihi atatambua mara moja kuwa haya ni majibizano, na kuwa anayesoma upande mmoja tu hajaisoma fomu.

Kila kasoro hupewa nambari inayoanza kwa herufi F, ambayo huonyesha kanuni iliyovunjwa. F686, mathalani, inahusu vidonda vya kulalia, yaani vile vinavyomtoka mtu aliyeachwa kitandani au kitini kwa upande mmoja kwa muda mrefu. F689 inahusu ajali na uangalizi, yakiwemo maanguko. F880 inahusu kuzuia maambukizi, na F600 inahusu dhuluma na kutelekezwa. Nambari hizi zilibadilishwa Novemba 2017. Iliyokuwa F323 ndiyo F689 ya sasa. Kwa hivyo anayelinganisha ripoti za zamani na za sasa asidhani kuwa kasoro fulani imetoweka, kumbe imebadilishwa jina tu.

Baada ya nambari hufuata herufi moja kati ya A na L. Herufi hii ndogo ndiyo inayobeba uzito wote, na ndiyo inayorukwa na wasomaji wengi. Mkaguzi huipata kwa kujibu maswali mawili. Swali la kwanza ni la ukali: kasoro imemdhuru mtu, au ingeweza kumdhuru, kwa kiasi gani? Majibu ni manne. Huenda hakuna aliyedhurika na madhara yanayowezekana ni madogo sana. Huenda hakuna aliyedhurika lakini madhara yanayowezekana ni zaidi ya hayo. Huenda mtu amedhurika kwa hakika. Jibu la nne na la mwisho ni kuwa uhai au afya ya mkazi imo katika hatari ya papo hapo. Swali la pili ni la mtapakao: je, kasoro ni ya pekee, ina mwenendo, au imeenea nyumba nzima? Ukali wa daraja nne ukikutanishwa na mtapakao wa daraja tatu, herufi kumi na mbili hupatikana. A, B na C ni za daraja la chini kabisa, na nyumba isiyozidi hapo huhesabiwa kuwa imetimiza masharti kwa kiasi cha kutosha. D, E na F ni za madhara yanayowezekana. G, H na I ni za madhara halisi. J, K na L ni za hatari ya papo hapo.

Mpangilio huu unahitaji tahadhari. F humaanisha kuwa hakuna aliyethibitishwa kudhurika, ila kasoro imetapakaa kote. G humaanisha kuwa mtu mmoja au wachache wamedhurika kwa hakika. Nyumba yenye F na nyumba yenye G hazitofautiani kwa hatua moja ya ngazi. Zinatofautiana kwa jinsi ya tatizo. Mzee anayetembea mwenyewe na mzee asiyeweza kujigeuza kitandani hawatishwi na kasoro ile ile.

Hesabu Inapodanganya

Chukulia kuwa jamaa wana nyumba mbili za kuchagua. Ya kwanza imeandikiwa kasoro 11 katika ukaguzi wa mwisho, takriban zote zikiwa za herufi D: chakula kisichotiwa tarehe jokofuni, fomu isiyosahihiwa, dawa iliyochelewa nusu saa. Ya pili ina kasoro 3 pekee. Mwenye kuhesabu ataikimbilia ya pili. Lakini msomaji anaona kuwa mojawapo ya zile 3 ni F686 kwa herufi G, na kwamba mwaka uliotangulia F686 iyo hiyo ilikuwapo kwa herufi D, na kabla ya hapo vilevile. Yaani nyumba hii iliambiwa kuhusu vidonda mara mbili, ikaahidi kurekebisha mara mbili, kisha mtu akaumia. Nyumba ya kwanza ina uzembe mwingi mdogo unaostahili kuulizwa maswali. Ya pili ina kisa kinachosonga mbele.

Wanafunzi wa fasihi wanajua takriri ni nini. Katika ushairi, neno linaporudiwa, msomaji husimama na kuuliza kwa nini. Katika rekodi ya ukaguzi, nambari inayorudiwa mwaka baada ya mwaka yafaa kumsimamisha msomaji vivyo hivyo. Aidha, tarehe zina maana: ukaguzi ulifanywa lini, ulitokana na ratiba ya kawaida au na malalamiko, na marekebisho yalithibitishwa baada ya muda gani. Nyumba ikikaa miezi 3 bila kutimiza masharti, sheria inaagiza isilipwe kwa wakazi wapya. Ikifika miezi 6 bila mabadiliko, mkataba wake na serikali unapaswa kukatizwa. Nyumba iliyorekebishika kwa majuma machache na nyumba iliyoburura miguu hadi ukingoni mwa muda huo si sawa, hata kama herufi zao zinafanana.

Nyota na Mlango

Wapo watakaosema kwamba taabu hii yote si ya lazima, maadamu serikali ya Marekani imekwisha kurahisisha mambo kwa nyota. Ni kweli kwamba tangu Desemba 2008 kila nyumba hupewa nyota, kuanzia 1 hadi 5, na familia huziona kabla ya kuona kitu kingine chochote. Nyota hizo hazina budi kutumiwa kwa kujua zilivyoundwa. Hutokana na mambo matatu: ukaguzi, idadi ya wafanyakazi, na vipimo vya ubora. Baadhi ya vipimo vya ubora hutokana na tathmini zinazojazwa na nyumba zenyewe. Nazo nyota za ukaguzi hutolewa kwa kulinganisha nyumba na jirani zake wa jimbo lile lile: asilimia 10 iliyo bora hupata nyota 5, asilimia 20 iliyo duni hupata nyota 1, na zilizobaki hugawana katikati. Kwa hivyo nyota 4 za ukaguzi huko Texas na nyota 4 za Minnesota hazipimi kitu kimoja. Katika jimbo ambalo hali ya nyumba nyingi ni mbaya, aliye afadhali hung'aa.

Mfano wa mwaka 2020 hautasahaulika upesi. Nyumba moja ya uuguzi mjini Kirkland, jimbo la Washington, ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza nchini Marekani ambapo ugonjwa wa Korona ulienea na kuwaua wazee wengi. Kabla ya maafa hayo nyumba hiyo ilikuwa na nyota 5 kwa jumla. Rekodi yake ya mwaka 2019, hata hivyo, ilikuwa na kasoro iliyohusu uzuiaji wa maambukizi, nayo ilihesabiwa kuwa imerekebishwa. Machi 2020 wakaguzi walisema kuwa wameona hali tatu za hatari ya papo hapo, na faini ya zaidi ya dola 600,000 ikatangazwa. Wenye nyumba walizipinga lawama hizo. Si haki kudai kuwa kasoro ya mwaka 2019 ndiyo iliyoleta vifo. Kirusi kile kipya kiliingia nyumba nyingi zenye sifa na zisizo na sifa. Linaloweza kusemwa ni dogo zaidi, ila lina uzito wake. Mtu aliyetazama nyota hakuwa na swali la kuuliza. Mtu aliyesoma rekodi alikuwa nalo: ile kasoro ya maambukizi, mliirekebisha vipi?

Kwa upande mwingine, rekodi safi nayo isipokewe kama cheti cha utakatifu. Mwaka 2008 ofisi ya uwajibikaji ya serikali ya Marekani iliripoti kuhusu ukaguzi wa kulinganisha uliofanywa na wakaguzi wa serikali kuu kati ya 2002 na 2007. Katika takriban asilimia 15 ya ulinganisho huo, wakaguzi wa majimbo walikuwa wameshindwa kuiandika angalau kasoro moja ya zile kali kabisa, za G kwenda juu. Katika takriban asilimia 70 walikuwa wamekosa angalau moja ya zile za madhara yanayowezekana. Kwa hivyo kutotajwa kwa kasoro hakumaanishi kutokuwapo kwake. Mkaguzi hukaa siku chache. Mkazi huishi humo mwaka mzima. Ndiyo maana rekodi haiwezi kuchukua nafasi ya kutembelea nyumba jioni au siku ya Jumapili, saa ambazo wafanyakazi hupungua, na kuwauliza wanaoishi humo.

Wahusika Wasio na Majina

Safu ya kushoto ya fomu huandikwa kwa sajili ya kipekee. Wahusika hawana majina. Wapo Mkazi 7, Mfanyakazi C, Muuguzi B. Sababu ni njema, kwani siri ya mgonjwa yastahili kulindwa. Mkaguzi hutegemea vyanzo vitatu: aliyoyaona kwa macho, aliyoyasikia katika mahojiano, na aliyoyapata katika kumbukumbu. Huandika saa kwa saa. Katika ripoti za aina hii msomaji anaweza kukuta kwamba saa 3.10 asubuhi Mkazi 7 alionekana kitini, saa 4.25 alionekana pale pale, saa 5.40 bado, nguo zikiwa zimelowa. Kwamba kadi yake inasema ageuzwe kila baada ya saa mbili. Na kwamba katika kitabu cha zamu imetiwa alama kuwa aligeuzwa. Hakuna kivumishi hata kimoja cha kulaumu. Kitabu kinasema aligeuzwa na macho yanasema hakugeuzwa, na katika pengo hilo msomaji hupata habari yote. Pale ambapo vyanzo vyote vitatu vinaafikiana, kasoro ina mizizi. Pale ambapo ipo kauli moja tu ya mahojiano, msomaji apime kwa uangalifu.

Kauli ya kutendwa hutawala. Mkazi aliachwa, kengele haikuitikiwa, jeraha halikuripotiwa. Mtenda hufifia. Hapa ndipo suala hili linapowagusa moja kwa moja Wakenya walio upande wa pili wa kitanda. Msaidizi wa muuguzi aliyetoka Kisii au Eldoret, anayefanya zamu mbili mfululizo ili alipe karo ya wadogo zake, huenda ndiye Mfanyakazi C. Jirani yake akiiona ripoti hudhani kuwa yeye ndiye aliyeshtakiwa. Sivyo. Kisheria kasoro huandikiwa nyumba, si mtumishi. Nyumba ndiyo iliyopokea fedha na kuahidi huduma. Nyumba ndiyo inayopaswa kuajiri watu wa kutosha.

Lakini safu ya kulia ina njia yake ya kurudisha mzigo. Mipango mingi ya marekebisho hutanguliwa na tamko kuwa jibu hili si kukiri kosa, kisha hufuata ahadi ambayo wasomaji wa fomu hizi wameizoea: wafanyakazi watafunzwa upya. Mafunzo ni jambo jema. Hata hivyo, iwapo safu ya kushoto inaonyesha kuwa wasaidizi wawili waliachiwa ghorofa nzima, safu ya kulia inayojibu kwa somo la saa moja kuhusu kumgeuza mgonjwa haijajibu swali. Wasaidizi hao walijua kumgeuza mgonjwa. Walichokosa ni mikono. Msomaji makini hulinganisha kasoro na tiba, naye hujiuliza kama mpango umetaja kuongeza watu, kubadilisha zamu na kumpa mtu fulani jukumu la kufuatilia, au umetaja somo tu. Huenda hiki ndicho kipimo kizuri kuliko vyote, kwa sababu kasoro hutokea hata katika nyumba njema, ila jibu la kasoro huonyesha tabia ya nyumba.

Wajibu wa Wanakiswahili

Yamkini atatokea mhadhiri atakayesema kuwa kazi ya idara ya Kiswahili ni riwaya, tamthilia, ushairi na isimu, na kwamba fomu za serikali ya kigeni ziachiwe mawakili na wauguzi. Hoja hiyo haina mashiko. Lugha inayosifiwa kuwa ya kimataifa katika kila kongamano haina budi kuwafaa wasemaji wake wanapokuwa katika shida ya kimataifa. Istilahi za isimu zimeundwa kwa bidii, na hilo ni la kupongezwa. Lakini binti anayetaka kumweleza baba yake kwa Kiswahili kwa nini nyumba fulani haifai bado anaazima nusu ya sentensi.

Uteuzi wa istilahi nao si jambo la kamusi tu. Neno "kosa", kwa mfano, humwelekea mtu na hutafuta wa kuadhibiwa. "Kasoro" hueleza kupungukiwa kwa kipimo kilichowekwa, na ndiyo maana halisi ya kinachoandikwa na wakaguzi. "Mgonjwa" humfunga mtu katika maradhi yake. "Mkazi" hukumbusha kuwa pale ni kwake, na ndivyo sheria ya 1987 ilivyotaka aonwe. "Hatari ya papo hapo" inaeleweka na mkulima na profesa kwa pamoja. "Mtapakao" unaweza kupingwa na anayependelea "upana" au "uenezi", na upinzani huo ndio mjadala unaohitajika. Vyama vya Kiswahili vyuoni vingeweza kuuanza kwa kazi ndogo: ripoti moja tu, kwa kuwa ni za umma, isomwe darasani, ifasiriwe, na ijadiliwe kama inavyojadiliwa hadithi fupi. Mwanafunzi atakayefasiri safu mbili za fomu moja atakuwa amejifunza sajili, kauli za vitenzi, usimulizi na maadili kwa wakati mmoja.

Fauka ya hayo, jambo hili litarudi nyumbani. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaitaka serikali ichukue hatua za kuhakikisha kuwa wazee wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kuwa wanapata utunzaji ufaao kutoka kwa familia na serikali. Wapo wanaoona kuwa nyumba ya wazee ni aibu kwa Mwafrika, na kuwa mwana aliyelelewa vyema humtunza mzazi wake kwake. Hisia hiyo ina heshima yake. Hata hivyo, wana wametawanyika, mabinti wana ajira, na nyumba za wazee zipo tayari nchini, nyingi zikiwa chini ya mashirika ya kidini. Aibu ya kumpeleka mzee huko ina hatari yake yenyewe, kwani mwenye aibu hatembelei, haulizi, wala hasomi. Mzee aliyefichwa kwa aibu hana shahidi.

Haki iliyoandikwa katika katiba huhitaji maandishi mengine ya chini yake: nani alikwenda kukagua, aliona nini, nyumba ilijibu vipi, na raia anaweza kuyasoma wapi kwa lugha anayoielewa. Mfumo wa Marekani una mapungufu yaliyokwisha kutajwa, na haupaswi kuigwa kwa upofu. Lakini una jambo moja la kuthaminiwa. Mkazi 7, ambaye hana jina na huenda hana tena uwezo wa kusema, ameandikwa kuwa tangu saa 3.10 hadi saa 5.40 hakuna aliyefika. Maandishi hayo yameachwa wazi ili yasomwe. Mwenye ujuzi wa kusoma akiyapita na kwenda kuhesabu nyota, atakuwa amesimama mlangoni.